Land Cruiser pikapu ya 75: kuijua iliyo orijino na iliyoungwaungwa kabla hujatoa hela

Anayetafuta pikapu ya zamani ya kupiga nayo kazi Dodoma, Singida au Kondoa hajapata bado ya kuishinda Land Cruiser ya 75, ila kwa sharti moja: chesisi yake iwe haijakatwa wala kuungwa. Injini ikichoka inabadilishwa. Giaboksi inashushwa asubuhi, jioni inarudi. Chesisi iliyoungwa vibaya haina dawa, na ndiyo inayofichwa kwa ufundi mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hizi.

Tukisema 75 tunazungumzia pikapu ya chesisi ndefu ambayo Toyota iliitoa mwishoni mwa 1984 kurithi zile za 45 na 47, ikaendelea hadi 1999 ilipokuja 79. Jina lenyewe linakuambia gari ilizaliwa na injini gani. HJ75 ni 2H, dizeli ya silinda 6 na cc 3,980. HZJ75, iliyoanza 1990, ni 1HZ ya cc 4,164, silinda 6 pia. PZJ75 ni 1PZ ya silinda 5, BJ75 ni 3B ya silinda 4, na zile zinazoanza na F ni za petroli, ambazo kwa bei ya mafuta ya leo waachiwe wenye kuzipenda. Hapa tunaishughulikia zaidi HZJ75, maana ndiyo ambayo fundi wa kila mji mdogo wa kanda ya kati anaijua.

Nyingi ya zinazouzwa huku zilianza maisha zikiwa za serikali, za mashirika ya umma au za miradi ya wafadhili, zenye namba za ST, SU na DFP. Zikatoka kwa mnada, zikaingia kwenye mahindi ya Kibaigwa na mifugo ya Kongwa na Mpwapwa, sasa zinarudi sokoni zikiwa zimepigwa rangi nyeupe inayong'aa. Historia ile ya kwanza si mbaya. Gari ya mradi mara nyingi ilipata sevisi yake kwa wakati. Shida huanza kwa mwenye gari wa pili au wa tatu, aliyeongeza majani ya springi ili magunia yapande zaidi.

Kuna njia rahisi ya kuona mabaki ya historia hiyo. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, usimame pembeni ya gari uangalie mlango kwa mshazari. Nembo iliyobanduliwa huacha kivuli cha duara au cha herufi chini ya rangi mpya. Hiyo ni habari njema, mlango huo umekaa na gari miaka mingi. Mlango mmoja ukiwa na kivuli na wa pili hauna, muulize muuzaji ule wa pili ulitoka wapi, na kwa nini ulihitajika.

Baada ya hapo fungua boneti. Kwenye ukuta ulio kati ya injini na kebini kuna kibati cha Toyota chenye modeli, aina ya injini, namba ya fremu, na mstari wa chini wenye kodi (alama fupi) za rangi, viti, ekseli na giaboksi. Modeli isome herufi kwa herufi. HZJ75 ikifuatiwa na R ni ya usukani wa kulia tangu kiwandani. Ikifuatiwa na L ilizaliwa na usukani wa kushoto, ukahamishwa baadaye. Herufi P ni pikapu. Ukikuta V mahali pake, gari hiyo ilikuwa hadtopu, bodi iliyofungwa mpaka nyuma, ikakatwa paa na kufanywa pikapu.

Hadtopu iliyokatwa hujulikana kwa nyuma ya kebini. Ukuta wa nyuma wa kiwandani ni bati lililofinywa, kona zake zina mviringo, na kioo kimekaa ndani ya mpira. Wa kukatwa ni bati bapa lenye mshono wa weldi, mara nyingi umefunikwa kwa puti na rangi nzito. Vuta kiti mbele, ingiza mkono nyuma yake, papasa kona za chini. Mshono wa mkono una matuta, wa kiwandani una vidoti vya weldi vyenye nafasi sawa kati ya kimoja na kingine.

Usukani uliohamishwa nao una alama zake. Angalia ukuta uleule wa injini upande wa kushoto. Penye tundu la pampu ya breki patakuwa na kibati kilichochomelewa au puti. Halafu shuka chini uangalie bano linaloshika stelingi boksi upande wa kulia. Kama limechomelewa kwa mkono na weldi ina vipele, achana na gari hiyo. Hapo hatuzungumzii thamani ya uorijino tena, ni kwamba bano likiachia ukiwa kwenye mteremko wa Kolo, kule Kondoa, usukani unabaki mkononi.

Kibati peke yake kisikuridhishe. Kinashikwa na ribiti ndogo, na ribiti ndogo zinauzwa kila duka la vifaa. Shahidi wa kweli ni namba iliyogongwa kwenye chesisi, kwenye ubao (chuma kirefu) wa kulia, upande wa nje, karibu na tairi la mbele. Kata usukani mpaka mwisho upate nafasi ya kuingiza kichwa, futa grisi na udongo kwa kitambaa chenye dizeli. Usitumie msasa, na fundi asilete grainda hapo. Ikishasafika, weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli kwa ubapa mpaka namba itokee. Karatasi hiyo ndiyo utakayolinganisha na kibati na kadi ya gari inayotolewa na TRA, Mamlaka ya Mapato.

Sasa tafuta tarakimu inayojirudia. Kama namba ina sifuri tatu, zote tatu ziwe na umbo moja, kina kimoja na ukubwa mmoja, maana zilitoka kwenye kifaa kimoja. Sifuri moja ikiwa nyembamba kuliko wenzake, au mstari ukipanda na kushuka, namba imeguswa. Angalia pia uso wa chuma kuzunguka namba. Ukiwa laini na umebonyea kidogo kuliko chuma cha pembeni, umesagwa. Ukiona mstari wa weldi unaozunguka namba kwa umbo la mstatili, kipande hicho kimetoka kwenye gari nyingine. Na muuzaji akikukataza kufuta grisi mahali hapo, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Chesisi yenyewe ikaguliwe ukiwa umelala chini, gari ikiwa imeoshwa upande wa juu tu. Muuzaji aliyeosha chini kwa presha na kupiga rangi nyeusi juu ya kila kitu anaweza kuwa msafi tu, lakini rangi mpya nyeusi huficha weldi, kwa hiyo ongeza muda wa kuangalia. Mabano ya springi yalifungwa kiwandani kwa ribiti zenye vichwa vya mviringo. Ribiti ikibadilishwa na bolti, au bano likizungushiwa weldi, jua palipasuka. Pabaya zaidi ni nyuma ya kebini na juu ya ekseli ya nyuma. Majani ya springi yakiongezwa, springi inakuwa ngumu, haipindi tena kunyonya mitikisiko, na kazi ya kupinda inahamia kwenye chesisi. Barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo, kama ya kutoka Kongwa kwenda Kibaya, humaliza kazi iliyobaki. Ufa huanzia kwenye ukingo wa tundu au mwisho wa bano, mwembamba kama unywele, ukiwa na mstari wa kutu ya kahawia. Kiraka cha bati nene kilichochomelewa juu yake kinasogeza ufa sentimita chache mbele, basi.

Chukua futi ya kukunja ya mita 5. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kulia na kushoto, magurudumu yakiwa yamenyooka. 75 ni milimita 2,980. 79 ya 1999 na kuendelea ni milimita 3,180. Tofauti ya milimita 5 kati ya kulia na kushoto si ya kugombania. Ikipita 10, ekseli imerudi nyuma, bolti ya katikati ya springi imekatika, au chesisi imepinda, na vyote vitatu vinaonekana ukivitafuta. Ukipata kipimo kisichofanana na chochote kati ya hivyo viwili, chesisi ilirefushwa. Mafundi wa Arusha hurefusha Land Cruiser za kubeba watalii, na wanaifanya kazi hiyo vizuri, lakini gari iliyorefushwa kisha ikafupishwa tena ili iuzwe kama pikapu imekatwa mara mbili.

Magurudumu nayo yanaeleza. 75 ina nati 6 kila gurudumu na springi za majani mbele na nyuma. 79 ina nati 5 na koili springi mbele. Ukiambiwa ni 75 ya 1994 na unahesabu nati 5, umesimama mbele ya gari mbili zilizofungwa pamoja. Kwenye grili, nembo ya Toyota ya duara za yai ilianza kutumika 1989, kwa hiyo HJ75 ya 1986 yenye nembo hiyo imevalishwa grili ya baadaye. Hilo ni dogo, lisikunyime gari, ila likuongezee maswali.

Injini haihitaji kusoma namba ili kuijua, ingawa namba utaisoma. 1HZ ina kifuniko cha plastiki mbele kinachofunika mkanda wa taimingi, na pampu ya dizeli ni fupi, ya mviringo, mabomba yake 6 yanatoka kwenye duara moja. 2H haina mkanda, inaendeshwa kwa gia, na pampu yake ni ndefu, mabomba 6 yamepangwa mstari mmoja. Gari iliyoandikwa HJ75 ikiwa na pampu ya duara, injini si ya kuzaliwa. Kwa mtu wa kazi hilo si kosa, wengine tungesema ni nafuu. Kwa mtu anayenunua gari ya kuhifadhi, ni punguzo kubwa la bei. Kwa wote wawili, namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku lazima iwe ileile iliyo kwenye kadi ya TRA.

Kuna alama moja ya umri ambayo wauzaji wengi hawaijui. Kampuni iliyotengeneza pampu, stata na oltaneta za Toyota iliitwa Nippondenso mpaka 1996, ndipo ikaitwa Denso. Gari ya 1992 yenye pampu iliyoandikwa Nippondenso pengine bado inatumia ya kiwandani. Lebo ya mkanda wa kiti, ile iliyoshonwa karibu na mwisho wa mkanda, nayo huwa na mwaka wa kutengenezwa. Tazama na vichwa vya bolti za bodi: za Toyota huwa na tarakimu kama 4 au 7 zimegongwa juu yake. Bawaba za mlango zikiwa na bolti zisizo na alama, na rangi ya kingo zake imekwanguliwa na spana, mlango ulitoka.

Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa, tusiupe uzito. Unauzwa, unafungwa kwa nusu siku, na pikapu nyingi zina mkonga uliotoboa digadi (bati la juu ya tairi) bila kuunganishwa vizuri na boksi la filta. Fungua kifuniko cha filta, pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande uliokwisha kuchujwa. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, injini imekuwa ikila mchanga. Ringi na silinda zimeshasagika, hata kama inanguruma vizuri kiasi gani.

Hapo inafuata kazi ya injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye rejeta. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Fungua mfuniko wa rejeta. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, na gari iliyojaziwa maji hayo miaka yote bila kuleti (dawa ya rejeta) ina ukoko mweupe kwenye mdomo wa rejeta na tope la kahawia ndani. 1HZ haivumilii joto. Hedi yake hupasuka kati ya valvu, hasa iliyofungwa tabo isiyo ya kiwandani, na ufa huo hauonekani kwa nje. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, maji yakiwa yamefika juu. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Hapo unanunua hedi, si gari.

Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi ya Juni au Julai usikutishe. Ukiendelea hadi injini ipate moto, tatizo ni nozeli au kompresheni. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga ghafla, pampu imefunguliwa mafuta mengi au filta imeziba. Fungua mfuniko wa oili injini ikizunguka polepole, uuweke juu ya tundu bila kukaza. Ukitetemeka tu ni sawa, ukirukaruka na moshi kutoka kwa mapigo, ringi zimekwisha. Fundi mwenye geji ya dizeli akipima kompresheni, kinachohesabika zaidi ni silinda kufanana. Tofauti ya zaidi ya kg/cm² 5 kati ya ya juu na ya chini inataka maelezo.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Dashibodi ina taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000. Ukigeuza swichi bila kuwasha injini, taa hiyo iwake pamoja na nyingine. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa, na mtu hatoi balbu bila sababu. Mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Ukinunua, badilisha wewe mwenyewe, hata ukiambiwa ulibadilishwa juzi.

Mbele, nyuma ya tairi, kuna chuma cha mviringo kama mpira ambamo ekseli hugeukia. Kiwe na utando mwepesi wa grisi. Kikiwa kimelowa uji mweusi mwepesi, sili ya ndani imeachia na oili ya difu inayeyusha grisi ya joinit, kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele hata likiwa limekatwa. Inatengenezeka kwa siku nzima ya kazi, na fanya pande zote mbili. Kusikia kama joinit bado ni nzima, nenda kwenye mchanga, si kwenye lami: zungusha habu zote mbili za mbele kwenye LOCK, ingiza fowili (magurudumu yote manne yavute), kata usukani hadi mwisho, tembea polepole kwa gia ya kwanza. Mlio wa ka-ka-ka unaofuata mwendo wa gurudumu ni joinit iliyokufa.

Difu mbili, ya mbele na ya nyuma, zenye uwiano tofauti ni tatizo linalokuja kwa kuokoteza spea. Zuia matairi ya mbele, weka gia huru, inua tairi moja la nyuma, lingine likibaki chini. Zungusha lililo juu mizunguko 2 kamili ukihesabu mizunguko ya propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye difu. Kwa uwiano wa 4.11 propela itazunguka 4 na kidogo zaidi. Rudia mbele, habu zikiwa LOCK. Hesabu mbili zisipolingana, ukiingiza fowili kwenye ardhi ngumu kitu kitavunjika, na mara nyingi ni tranfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Kwenye bodi tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba isikwaruze. Ipitishe chini ya milango, kona za nyuma za kebini, mifereji ya paa na chini ya kioo cha mbele. Inapoacha kushika kuna puti. Inua mpira wa sakafu. Ukavu wa Dodoma umeokoa bati nyingi, kwa hiyo kutu nzito kwenye sakafu ina maana gari iliishi pwani au ilibeba samaki wa Mtera, maji yao yakichuruzika. Ndani ya chesisi, nyuma ya tairi la nyuma, gonga kwa nyundo ndogo. Mlio mkali ni chuma kitupu. Mlio uliofifia ni udongo ulioganda, unaoshika unyevu msimu mzima wa mvua. Kodi ya rangi kwenye kibati ilinganishe na rangi iliyo nyuma ya kiti na chini ya mpira wa mlango, mahali ambapo mpiga rangi huwa hafiki.

Keria (sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo) ya kiwandani ina herufi za TOYOTA zilizofinywa kwenye bati la mlango wa nyuma. Nyingi huku zina keria ya kuunda, bati bapa na vyuma vya pembe. Kwa kubeba mizigo iko imara kuliko ya asili. Kwa thamani ya gari, ya asili hata yenye mabonde ni bora.

Msimamo wetu kuhusu bei ni huu: rejeta, shokapu, viti, keria na hata injini iliyobadilishwa kwa karatasi halali ni vya kupunguzia bei. Chesisi iliyokatwa, namba iliyoguswa na usukani uliohamishwa kwa weldi ya mkono si vya kupunguzia bei, ni vya kuacha. Iliyopauka rangi, yenye namba safi, ribiti zake zote na nati 6, ilipiwe zaidi ya ile nyeupe inayong'aa iliyoegeshwa pembeni yake.

Kabla ya hela kutoka, kadi ya TRA iwe mkononi, halisi si kopi. Linganisha namba ya chesisi, namba ya injini na rangi na karatasi yako ya penseli na macho yako. Gari iliyotoka mnadani iwe na karatasi za mnada, na jina la muuzaji liungane nazo bila pengo la mtu wa kati asiyejulikana. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi mtandaoni. Injini au rangi ikiwa haifanani na kadi, muuzaji ndiye arekebishe TRA kwa jina lake na kwa gharama yake, kisha mkataba usainiwe mbele ya wakili.